Kampuni yetu ya alizeti inatoa hisa mpya kwa 4,000, sisi tulinunua 10,000. Nilipe au niache?

Mnyaturu_Mjini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuwa na hisa kwenye kampuni ndogo zisizo kwenye soko la hisa.

Nina hisa 1,200 kwenye kampuni ya kukamua alizeti huku Singida. Tuko wanahisa 38, wengi wetu watumishi na wafanyabiashara wa kawaida, pamoja na mkurugenzi mtendaji ambaye ndiye mwanzilishi na anamiliki theluthi nzima. Hisa zote ni 60,000 na kila mmoja alinunua kwa 10,000. Kwa hiyo nina milioni 12 mle ndani, sawa na asilimia 2.

Mwanzoni gawio lilikuja, dogo lakini lilikuja. Baadaye mambo yakaharibika. Kiwanda kina uwezo wa kukamua tani 20 kwa siku, ila kinafanya kazi miezi michache baada ya mavuno kisha kinalala kwa kukosa alizeti. Wenye hela wanabeba mzigo wote Juni na Julai, sisi tunaingia sokoni mkopo wa benki ukishatoka, na huwa unatoka watu wameshamaliza kununua. Mwaka jana boila ya mtambo wa kusafishia mafuta ikafa. Tangu hapo tunauza mafuta ya kuchuja tu kwenye madumu, kwa bei ya madumu. Benki nayo inadai.

Sasa tumepata barua. Kampuni inatoa hisa mpya 90,000 kwa 4,000, jumla milioni 360. Hisa 35,000 anachukua mkurugenzi kama malipo ya milioni 140 anazoidai kampuni. Zilizobaki 55,000 tunagawiwa sisi wengine kwa uwiano wa hisa zetu. Fungu langu ni 1,650, yaani milioni 6.6. Tuna siku 14. Nisipolipa nashuka hadi asilimia 0.8.

Kwenye kundi la WhatsApp hakukaliki. Kuna wanaosema tunaibiwa mchana kweupe, kuna wanaosema mkurugenzi ameuza kiwanja chake kuokoa kiwanda na sisi hatuna shukrani. Mke wangu anasema hiyo milioni 6.6 ni ada na mabati, basi. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mzee_wa_Kazi

Sikiliza mama watoto. Nunua mabati.

HesabuKwanza

Mkuu, naona kundi lenu linapigania asilimia. Asilimia kushuka si hasara yenyewe. Angalieni bei.

Tuseme kampuni bado ina thamani ya 10,000 kwa hisa, yaani milioni 600. Ikiingia 360 inakuwa 960. Gawa kwa hisa 150,000, kila moja inakuwa 6,400. Hisa zako 1,200 zimetoka milioni 12 hadi milioni 7.68, na hiyo tofauti imehamia kwa waliolipa 4,000. Hapo umeliwa.

Sasa tuseme kiwanda chenye boila mfu na deni la benki kwa kweli kina thamani ya 4,000 kwa hisa, milioni 240. Ongeza 360, unapata 600. Gawa kwa 150,000, ni 4,000 ileile. Umeshuka hadi asilimia 0.8 na toleo hili halijakunyang'anya hata senti. Hasara yako ilishatokea siku mtambo ulipozima, ila hakuna aliyekuletea barua.

Kwa hiyo swali la kwanza: nani alipanga 4,000, na kwa hesabu gani? Ombeni hesabu zilizokaguliwa, mtoe madeni kwenye mali, mgawe kwa hisa 60,000. Swali la pili: hizo milioni 140 za mkurugenzi zinaonekana kwenye hesabu zilizokaguliwa kama mkopo, au zimejitokeza kwenye barua tu? Kama zilipita benki, zitaonekana. Kama ni "nilikuwa natoa mfukoni", alete risiti.

Fundi_Boila

Nyie wa hesabu mmemaliza, ila hakuna aliyeuliza hela inakwenda kufanya nini. Mtoa mada, barua inasemaje?

Mnyaturu_Mjini

Ukitoa zile 140 ambazo si hela mpya, inabaki milioni 220. Milioni 90 kulipa benki, 50 kutengeneza mtambo wa kusafishia, 80 kununua alizeti.

Fundi_Boila

Haya. Tuchukulie alizeti ni 1,000 kwa kilo. Milioni 80 inanunua tani 80. Kiwanda chenu kinakula tani 20 kwa siku. Umepata alizeti ya siku NNE.

Najua mkurugenzi atasema hela inazunguka: unakamua, unauza mafuta na mashudu, unarudi sokoni. Sawa, inazunguka kama wanunuzi wenu wanalipa papo hapo. Kama mnawapa wa jumla mzigo wanalipa baada ya mwezi au miwili, duara limekatika siku ya tano, na msimu haukungoji. Muulizeni wadaiwa wenu wanalipa baada ya siku ngapi. Jibu la hapo linazidi mambo yote ya asilimia.

Boila: iliharibika nini? Kama ni mirija kutoboka, huko Singida nashuku maji kwanza. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, na maji ya namna hiyo yanaacha ukoko mgumu ndani ya boila, mirija inashika joto kupita kiasi, inapasuka. Mkibadilisha mirija bila kuweka kifaa cha kulainisha maji, mtachangishana tena. Kwenye hiyo milioni 50 kuna kipengele cha maji? Ombeni karatasi ya fundi, siyo maneno ya ofisini.

Mnyaturu_Mjini

Ni mirija kweli. Na hii ni mara ya pili. Kipengele cha maji sijakiona.

Fundi_Boila

Basi umeshapata jibu la nusu ya swali lako.

Bibi_Shamba

Mimi ni mkulima Iramba, nawauzia viwanda. Niwaambie kitu ambacho wakurugenzi hawasemi kwenye barua. Mkulima hana shida na kiwanda kidogo, ana shida na anayelipa kesho. Dalali akija na keshi nyumbani na gunia zake, hata akipunja kidogo, anapata. Kiwanda kikija na "leteni mzigo, hela Ijumaa", tunakisikiliza kwa adabu kisha tunamuuzia dalali. Kama kampuni yenu ilishawahi kuchelewesha wakulima, hiyo milioni 80 itanunua kwa bei ya juu kuliko ya soko, maana jina limeshachafuka. Ulizieni vijijini kabla ya kulipa, wanangu.

Wakili_wa_Kijiweni

Nisome upande wa sheria kwa Tanzania Bara, Sheria ya Makampuni ya 2002.

Kwanza, mtaji ulioidhinishwa. Kama katiba ya kampuni inaruhusu hisa 60,000 tu, bodi haiwezi kuamka asubuhi ikatoa 90,000 nyingine. Mkutano mkuu wa wanahisa ndio unaoongeza mtaji. Je, mliitwa? Kafanye upekuzi BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, unalipia ada unapata taarifa za kampuni.

Pili, soma katiba yenyewe. Kampuni binafsi nyingi zimeweka sharti kwamba hisa mpya zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo kwa uwiano. Mkurugenzi ana theluthi, kwa hiyo uwiano wake kwenye 90,000 ni 30,000. Amejipa 35,000. Hizo 5,000 ni zenu. Ndiyo maana hata ukilipa fungu lako lote utafika 1.9 na si 2.

Tatu, wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa na wenye haki ya kupiga kura wanaweza kuwalazimisha wakurugenzi kuitisha mkutano. Kwenu ni hisa 6,000, yaani watu watano wenye hisa kama zako. Mahakamani pia kuna njia kwa mwanahisa anayeonewa, ila ni ndefu na ya gharama, hivyo anzeni na mkutano.

Halafu nijibu hili: hisa ambazo watu hawatalipia zinakwenda wapi?

Mnyaturu_Mjini

Nanukuu barua: "hisa zitakazobaki zitagawiwa na bodi kadiri itakavyoona inafaa."

Wakili_wa_Kijiweni

Ndiyo hiyo sasa. Mkigoma wote na yeye akizichukua zote, anakuwa na 110,000 kati ya 150,000, zaidi ya asilimia 73. Azimio maalum, lile la kubadilisha katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu ya kura za waliohudhuria. Wachache wenu wakikosa kufika tu, anabadilisha katiba ya kampuni anavyotaka. Wanaowaambia "tugome tumkomoe" wanamsaidia bila kujua.

Kisauni_Original

Salamu kutoka Mombasa. Huku mfano mkubwa ni Kenya Airways. Mwaka 2012 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 14 za Kenya, ikitafuta takriban bilioni 20.7, ikapata kama bilioni 14.5. Mwaka 2017 madeni ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa: mabenki yakapata asilimia 38.1, Serikali 48.9, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi ambao si watu wadogo, wakashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Wanahisa wadogo ndio usiseme. Kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa hazikuuzwa kabisa sokoni.

Sisemi yenu ni hivyo. Ninachotaka uone ni kwamba waliolipa ile raundi ya kwanza hawakulindwa na raundi ya pili. Ukilipa leo kulinda asilimia 2 yako, jiulize utalipa na ile inayofuata? Maana kwa hesabu ya fundi hapo juu, inayofuata ipo.

Mzee_wa_Kazi

Mabati hayana raundi ya pili.

Mnyaturu_Mjini

Wakuu, nashukuru sana, nimechapisha uzi huu nikawagawia wenzangu. Mrejesho: tulipeleka barua yenye zaidi ya hisa 6,000 kudai mkutano. Mkurugenzi amekubali kushuka hadi hisa 30,000, milioni 20 itabaki kuwa mkopo. Mkopo wake upo kwenye hesabu zilizokaguliwa, hilo alikuwa mkweli. Kifaa cha maji kimeingizwa kwenye bajeti ya boila. Ila kipengele cha hisa zitakazobaki amekataa kukigusa, anasema ndiye pekee mwenye uwezo wa kuziba pengo.

Nafikiria kulipa nusu, kama milioni 3.3, mkutano ukipita salama. Mabati yatasubiri kidogo, nimeshapata ruhusa.

HesabuKwanza

Vizuri. Jambo moja kabla hujatoa hela: barua inataja kiwango cha chini cha makusanyo? Wakipata milioni 60 tu, wanarudishia watu au wanailipa benki yote na boila inabaki mfu? Ikiwa hakuna kiwango, wewe utakuwa umelipa deni la benki, hujanunua kiwanda. Na ulipie akaunti ya kampuni, siyo namba ya simu ya mtu.

Mnyaturu_Mjini

Haitaji. Nampigia katibu wa kampuni sasa hivi, akigoma kuliweka kwenye ajenda nalisimamisha mkutanoni.