Fomu ya kaunsili na tambi zangu za kamba: tarehe ya kuanza niandike ipi?

Mama Mapacha, Jumapili 22:14

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Wakubwa shikamooni.

Naombeni msaada, na naomba uwe wa haraka. Wanaonijua wanajua tangu Ramadhani napika chakula cha Ijumaa jioni hapa nyumbani England. Watu wanaagiza WhatsApp, wanakuja kuchukua mlangoni. Nilianza na pilau kama kila mtu, lakini kilichoshika soko ni tambi za kamba, zile za ndimu na kitunguu saumu. Mtu katoka shifti kachoka, hataki kulala na tumbo zito. Na mimi mwenyewe hazinichoshi: maji yakichemka, dakika 20 sufuria imeshuka.

Sasa kuna jirani, simtaji, Mungu anamwona, kapiga simu kaunsili, yaani halmashauri ya hapa. Alhamisi ikaja barua: inaonekana naendesha biashara ya chakula bila kusajiliwa, nijaze fomu, kisha atakuja EHO, yule mkaguzi wao wa afya. Nikapiga simu. Wa chakula akanitupa kwa wa leseni, wa leseni akasema chakula hakimhusu, akanirudisha kwenye foleni, nikasikilizishwa muziki mpaka simu ikakatika yenyewe.

Fomu nimejaza yote, nimekwama sehemu moja: tarehe ya kuanza biashara. Sheria inataka ujisajili siku 28 kabla hujaanza. Mimi nimeshaanza. Nikiandika tarehe ya kweli, si najichongea? Nikiandika ya mwezi ujao, na barua yao inasema wanajua nauza? Halafu mimi niko kwenye viza ya utegemezi, mume yuko kwenye ile ya kazi, Skilled Worker. Haya mambo yanafika UKVI, wale wa viza?

Mzee wa Slough, Jumapili 22:51

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza. Usajili wenyewe ni bure na hawana uwezo wa kukukatalia. Si leseni ile, ni kuwaambia tu kwamba upo. Ndiyo maana wa leseni kakufukuza.

Mimi nilisajili sambusa zangu kabla ya korona. Mkaguzi alikuja na buti zake, mke wangu akamwambia avue. Akavua, akakagua jiko lote na soksi. Alifungua friji, akatazama nyuma ya jiko, akauliza nanawia wapi mikono na naoshea wapi vyombo, kwa sababu sinki ni moja. Tukamwonyesha beseni la kuoshea vyombo. Akaandika. Tulipata alama 4 kati ya 5 za usafi. Mpaka leo sijui ile moja ilikwenda wapi, mke wangu anasema ni zile soksi.

Dada wa Kisauni, Milton Keynes, Jumapili 23:20

Mama Mapacha, EHO haji kukutafuta tarehe, yuaja kutafuta makaratasi. Pakua ile SFBB, daftari la usalama wa chakula la FSA, mamlaka yao ya chakula, ipo bure, ujaze kwa mkono wako, usinakili ya mtu. Wakijua umenakili watakuuliza swali moja tu na utakwama.

Na kamba ndio watakaokushikilia. Kuna vitu 14 vya mzio ambavyo lazima mteja ajue, na sahani yako hiyo moja imebeba vitatu waziwazi: kamba wenyewe, ngano ya tambi, na siagi kama waitia. Ndimu na kitunguu saumu hazimo kwenye orodha. Lakini hebu toa pakiti ya kamba kwenye friza, usome yale maandishi madogo nyuma. Kamba wengi wa friza hutiwa metabisulphite ili ganda lisipige weusi, na sulphite imo kwenye orodha yao ya vitu 14. Wakaguzi wangu waliniambia nisome kwa sauti mbele yao. Nikasoma, ikawemo. Wallahi nimeuza mwaka mzima sijui.

Na usisahau sheria ya Natasha, ile ya lebo za chakula: kila kibakuli kiwe na karatasi yenye viungo vyote.

Mjomba wa Cardiff, Jumatatu 07:02

Ukishapata alama, ile stika ya kijani na nyeusi LAZIMA uibandike mlangoni, wateja waione. Usipobandika ni faini. Watu wengi hawalijui hili.

Msela wa Temeke, Leeds, Jumatatu 07:40

Mjomba, hiyo ni Wales. England kubandika ni hiari. Dada yetu yuko England. Tusitishane asubuhi asubuhi.

Na Dada wa Kisauni, sheria ya Natasha ya Oktoba 2021 ni ya chakula kilichofungashwa kabla mteja hajaagiza. Mama Mapacha anapika kwa oda, anafungasha kwa oda. Hiyo lebo ya viungo vyote haimhusu. Kinachomhusu ni kumwambia mteja habari za mzio kabla hajalipa, na tena chakula kinapomfikia. Hata kwa ujumbe wa WhatsApp inatosha, ila iwepo.

Dada wa Kisauni, Milton Keynes, Jumatatu 08:15

Asante mwalimu. Mimi naeleza nililoambiwa na mkaguzi uso kwa uso, si nililosoma kwenye simu. Na yeye hupika sufuria moja kubwa, kwa hivyo vingine vyafungwa kabla mtu hajaagiza. Muulize mwenyewe.

Mpemba wa Leicester, Jumatatu 12:33

Jamani tuache karatasi kidogo. Mimi nilikula hizo tambi Idi, nilitembelea watu huko kwao. Tamu, sikatai. Lakini kamba walikuwa wamekakamaa, na sababu naijua: anawaroweka kwenye ndimu. Mwanangu, ndimu inamwivisha kamba kabla hajauona moto. Ukimwacha saa nzima, akifika kwenye kikaango anakuwa raba.

Fanya hivi. Kamba wayeyushe ndani ya friji usiku mzima, wala si juu ya kabati. Wapasue mgongo, utoe ule mshipa mweusi, kisha WAKAUSHE kwa kitambaa. Kamba mwenye maji hakaangiki, anachemka. Chumvi na pilipili manga, basi. Mafuta na kipande cha siagi, kitunguu saumu ukikate vipande vyembamba, usikiponde, maana kilichopondwa kinaungua upesi na kikiungua ni chungu sufuria nzima. Kikianza kunukia tu, tia kamba. Dakika moja na nusu upande huu, geuza, na upande wa pili chini ya hapo. Akishageuka rangi na kujikunja kidogo, mtoe. Akijikunja akawa duara, umeshachelewa.

Ndimu inakuja mwisho, moto umezimwa. Kwaruza ganda lake la juu, lile la kijani tu, weupe ni uchungu. Kamua, tia tambi, tia nusu kikombe cha maji ya tambi uliyoyabakisha, ukoroge mpaka mchuzi uwe mzito kidogo na kushika tambi. Hapo ndipo watu watakusahaulisha kaunsili.

Msela wa Temeke, Leeds, Jumatatu 12:58

Dakika moja na nusu? EHO anataka katikati ya chakula ifike nyuzi 70 kwa dakika mbili. Usimponze mtu.

Mpemba wa Leicester, Jumatatu 13:10

Yakhe, kwani kipimajoto kimekatazwa? Amchome kamba mnene, asome, aandike kwenye hiyo SFBB yenu. Wewe umewahi kupika kamba au unasoma tu?

Mama Mapacha, Jumatatu 18:45

Mpemba, kuroweka nimeacha siku nyingi, wale wa Idi walikuwa na haraka ya wageni. Asanteni kwa yote. Ila tarehe bado.

Nesi wa Wolverhampton, Jumatatu 19:30

Mimi la chakula silijui, la viza nalijua. Mtegemezi wa Skilled Worker anaruhusiwa kujiajiri, kwa hiyo wewe uko salama. Asiyeruhusiwa ni MUME. Skilled Worker anaweza kuongeza kazi ya pembeni ya kuajiriwa mpaka saa 20 kwa wiki kwa masharti yake, lakini kujiajiri hapana. Kwa hiyo biashara iwe kwa jina lako, akaunti iwe yako, na yeye asionekane anasambaza vibakuli. Pale hospitalini kwetu kuna kaka alikuwa anapeleka oda za mkewe kila jioni mpaka watu wakaanza kumwita dereva. Aliacha baada ya mtu kumnong'oneza.

HMRC, watu wa kodi, nao usiwasahau. Ukipita pauni 1,000 kwa mwaka wao wa kodi, unajisajili upate UTR, namba ya mlipakodi.

Mzee wa Slough, Jumatatu 19:52

Faida ya pauni 1,000, si ndiyo?

Nesi wa Wolverhampton, Jumatatu 20:05

Hapana mzee wangu. Mapato. Zile zinazoingia kabla hujatoa bei ya kamba. Na mwaka wao unaanza tarehe 6 Aprili, si Januari.

Mzee wa Slough, Jumatatu 20:09

Basi hapo kuna mazungumzo nyumbani kwangu leo.

Mjomba wa Cardiff, Jumatatu 21:17

Haya yote ni kwa sababu ya kuhangaishwa. Jana kadi ya ukaazi ya BRP, leo eVisa ya mtandaoni, kesho share code ya kuionyesha haifunguki. Wakatoa ile karatasi yao ya sera ya Mei 2025, miaka 5 ya kungojea ILR, ule ukaazi wa kudumu, wanataka iwe 10. Watoto wetu watamaliza shule bado tunapiga alama za vidole. Na ukichukua uraia wao, Tanzania inakuvua wa kwako. Wakenya tangu Katiba ya 2010 wana pasi mbili mfukoni, wanapita foleni yoyote. Sisi tunapewa maneno matamu kila balozi anapokuja kula pilau yetu.

Dada wa Kisauni, Milton Keynes, Jumatatu 21:30

Pasi mbili tunazo, na ada mbili twalipa. Usituonee choyo.

Msimamizi, Jumatatu 21:44

Uraia pacha una uzi wake, na una kurasa nyingi. Hapa ni fomu ya kaunsili na chakula. Tafadhali.

Mtoto wa Kigamboni, Bristol, Jumatatu 22:20

Samahani naingia kwa kuchelewa. Nyinyi mnazungumzia kamba wa pakiti hawa, ambao robo ya uzito wake ni barafu, ukiyeyusha unabaki unawatazama. Mimi mdomo umejaa mate nikikumbuka soko la samaki la Feri, Dar. Unavuka na pantoni asubuhi, wanawake wameshawapanga kwenye beseni, wa kijivu, ndevu bado zinacheza, unachagua mwenyewe. Wa Rufiji ukiwapata unawajua kwa ukubwa. Ndimu unanunua palepale kwa yule kijana mwenye kindoo. Huku ndimu moja ngumu kama golori, ukiikamua inatoa matone.

Mpemba wa Leicester, Jumatatu 22:41

Iviringishe mezani kwa kiganja kwanza, au itie maji ya moto dakika mbili. Mnalaumu ndimu bure.

Msela wa Temeke, Leeds, Jumatatu 22:55

Kuhusu tarehe, binamu yangu aliacha wazi, fomu ikakataa kwenda. Ndiyo ninachojua.

Mzee wa Slough, Jumanne 06:30

Mke wangu anauliza: siagi inaweza kuachwa, atie tui la nazi badala yake, ili cha maziwa kitoke kwenye ile orodha?

Dada wa Kisauni, Milton Keynes, Jumanne 06:48

Kinatoka, mzee. Nazi haimo kwenye zile 14. Lakini tui lichemke kwanza, ndimu ije baada ya kuzima moto, la sivyo litakatika. Na mwambie asome mkebe, mingine ina sulphite pia.

Mtoto wa Kigamboni, Bristol, Jumanne 07:15

Kuna yeyote anashuka Dar mwezi huu mwenye kilo za ziada? Mama ana uduvi wangu umekauka tayari, haufiki hata kilo mbili. Ukikaguliwa sema ni wa jamii ya samaki, maana nyama na maziwa ndivyo wanavyochukua.