Naomba ushauri: niwashukuru vipi wateja wa duka langu mwisho huu wa mwaka?

Mama Nafaka
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina duka la vyakula Tabata, Dar es Salaam: mchele, unga, maharage, sukari, mafuta ya kupima. Mwaka huu biashara imekwenda vizuri na nawajua walioibeba. Kuna mama lishe wawili wanaochukua mchele kila alfajiri kabla sijamaliza kufagia kibaraza, na bei ilipopanda hawakuhama. Kuna mzee mstaafu ambaye kwake ni nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, lakini kila mpangaji mpya mtaani yeye ndiye anamwelekeza kwangu. Halafu kuna wale wa daftari, wanaolipa mshahara ukitoka.

Nimetenga laki tatu. Nafikiria khanga, au kalenda zenye jina la duka, au punguzo la bei wiki ya Krismasi. Kuna aliyenishauri nichezeshe bahati nasibu, mshindi apate gunia la mchele. Kinachonitatiza ni mgawanyo. Mama lishe nikimpa khanga na mzee nikampa kalenda, wote wanakutana hapo hapo kibarazani. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee wa Mizani
Hongera dada. Punguzo ningeliacha kabisa. Anayelifaidi ni mpita njia aliyeona bango, na Januari ukirudisha bei, mteja wako wa siku zote anaona umempandishia.

Wape nyongeza. Huyo mama lishe akichukua kilo kumi, subiri mizani itulie, aone kilo kumi zake zimetimia, ndipo umtilie robo juu. Ukiitia mapema haionekani, anajua ndiyo kilo kumi zenyewe. Na mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, maana nyongeza kwenye kilo iliyopunjwa si shukrani.

Bibi wa Ngamiani
Mwanangu, khanga ni zawadi ya heshima, ila soma jina lake kabla hujalipa. Mama lishe wawili wanaopika jirani, mmoja ukimpa khanga yenye fumbo la wivu, mwenzake atajua anasemwa yeye, na wewe ndiye uliyeileta. Tafuta yenye maneno ya dua au shukrani, wote wapate jina moja. Kila mtu doti yake kamili. Usikate ukampa huyu kipande na yule kipande.

Huyo mzee usimpe mbele za watu. Mkaribishe akae, mpe sukari yake na majani ya chai, umwambie kwa mdomo wako kwamba unajua ni yeye anayekuletea watu. Mtu mzima hasahau neno hilo.

Mchapaji
Kalenda ukizitaka, peleka oda kabla Novemba haijaisha, Desemba huwa foleni. Ukurasa mmoja wa ukutani unatosha, chini namba ya simu na lipa namba kwa maandishi makubwa. Weka sikukuu za dini zote, na Idd iandikwe kwamba inategemea mwandamo wa mwezi.

Ila kwa duka la nafaka mimi ningechapa mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mteja aliyesahau mfuko nyumbani inabidi anunue mwingine. Mfuko imara unaobeba kilo tano bila kukatika atarudi nao dukani kwako mwaka mzima.

Bahati nasibu achana nayo. Ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na vibali vyake, na anashinda mmoja tu, waliobaki wote wanaondoka mikono mitupu.

Muuza Duka Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Naongezea la daftari: usimfutie mtu deni ukaita zawadi. Anayelipa taslimu atasikia, na mwaka ujao naye ataomba daftari.

Pia usimalize pesa zote Desemba. Siku hizi Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa mwaka, na wateja wako Waislamu watafurahia tende na sukari ya futari kuliko kitu cha Krismasi.

Mama Nafaka
Bibi shikamoo, na asanteni nyote. Punguzo na bahati nasibu nimeviacha. Mama lishe watapata khanga, mzee atapata sukari na majani ya chai, na wateja wengine mifuko. Robo juu kwa wanaochukua kilo kumi naanza kesho asubuhi. Kiasi kitakachobaki nakiweka cha futari.

Ndugu wa Nakuru, deni sifuti, hapo tuko pamoja. Ila wa daftari nao mfuko watapata. Kati yao kuna mama mwenye watoto wanne ambaye hajawahi kunipitisha tarehe, na siwezi kumruka kwa sababu tu hana pesa katikati ya mwezi.

Bibi, jina moja la khanga naweza kulipata kwa rangi mbili? Mmoja wao hapendi nyekundu.

Bibi wa Ngamiani
Marahaba mwanangu. Utapata, jina moja hutoka kwa rangi kadhaa. Nenda maduka ya mtaa wa Uhuru, uende asubuhi wakufungulie robota uchague mwenyewe.