Nimemaliza kujifunza kuchomelea hapa Nakuru, je, nihamie ufundi wa stima?

Kijana wa Lanet: Hamjambo wadau. Nimejifunza kuchomelea kwa fundi mmoja mtaa wa Shabab, na mtihani wa Gredi ya Tatu wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, nimepita. Mwenye kibanda ananilipa 800 kwa siku. Binamu yangu alienda stima, na juzi amemaliza nyumba huko Bahati akaondoka na 15,000 ya ufundi pekee. Nihame?

Mzee wa Free Area: Kijana wangu, usilinganishe kibarua cha siku na kontrakti. Muulize kabla ya hiyo nyumba alikaa bila kazi wiki ngapi. Wewe unalipwa jasho, mwenye kibanda analipwa geti. Lakini ukichukua geti wewe mwenyewe, mteja akishatoa advansi, vyuma, rodi za kuchomelea na rangi vinatoka humo, na kinachobaki ndicho chako. Wengi huumia hapo kwenye kupima gharama. Bei ya skwea tyubu, vile vyuma vya mraba vyenye uwazi ndani, ikipanda baada ya kukubaliana, umefanya kazi ya bure. Stima nayo ikipotea mchana kutwa, hakuna wa kukulipa.

Nyaya Tatu: Mimi ni wa stima. Hiyo 15,000 usiihesabu yote. Kenya Power hawaleti mita bila cheti cha waya, yaani cha kuonyesha nyumba imefungwa waya sawasawa, na cheti hutiwa sahihi na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kama binamu hana, lazima atafute aliye nayo, na muhuri haupigwi bure. Ukipata yako, hata ya daraja la C2, la chini kabisa, hesabu inabadilika.

Mama Ploti: Mimi ndiye ninayewalipa nyinyi! Bomba likipasuka usiku na wapangaji wanapiga kelele, plamba simwombi apunguze. Geti je? Nauliza bei kwa mafundi watatu, nalala, kesho nauliza tena. Ila anayekuja siku aliyosema namwongezea kitu, maana ni wachache kweli.

Kijana wa Lanet: Asanteni mzee, mama na Nyaya. Basi nibaki na vyuma. Shida ni kwamba mashine sina.

Mzee wa Free Area: Usikimbilie mkopo. Ongea na mwenye kibanda utumie yake jioni kwa wateja wako: tokeni za stima na rodi juu yako, naye umkatie kitu kwa kila kazi. Anza na madirisha na grili. Geti la kuteleza liache kwanza, reli ikikaa kombo utaitwa kurekebisha bure mpaka uchoke.