Kisomeo cha kina kinadanganya: nitengeneze kilichopo au nifunge skeli mpya?

Mchonga_Alumini
Habari wakuu. Nina mashine ndogo ya milingi, yaani ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ile ya kufunga juu ya meza, iliyokuja na kisomeo cha kidijitali cha kina. Kimefungwa mbele ya kichwa na kinafuata kwili, yaani ile silinda inayoshuka pamoja na spindo, mhimili unaozungusha kisu. Juzi nimechonga mifuko (mashimo yasiyotoboka) miwili ya kina cha milimita 6. Mara zote mbili kisomeo kilisimama 6.00. Maikromita ya kina ikanipa 6.13 kwa mfuko wa kwanza na 6.04 kwa wa pili. Kama ingekuwa inakosea kiasi kilekile ningefidia, lakini hivi sijui nishike lipi.

Naona njia nne: kukitengeneza hikihiki, kufunga skeli (mtawala unaosomwa na kisomeo) ya chuma cha pua ya aina ya vernia ya kidijitali, kufunga tepu ya sumaku yenye kisanduku chake cha kuonyesha namba, au skeli ya kioo. Aliyepitia naomba aniongoze.

Tepu_Nyeusi
Tepu ya sumaku, mkuu. Kichwa kinachosoma hakigusi tepu, kwa hiyo mafuta na maji ya kupoza hayaisumbui. Hatua yake ni mikroni 5, yaani milimita 0.005, na inaingia mahali pembamba ambapo skeli nyingine haiingii. Mambo mawili tu: chenga za chuma hunasa juu yake, kwa hiyo bandika ule ukanda wa chuma cha pua wa kuifunika, na usiisogezee sumaku kali kama ya stendi ya geji, itaiharibu.

Fundi_Geji
Mchonga, usinunue kitu bado. Ukifunga skeli mpya kwenye braketi mbovu, yaani kishikio cha kisomeo, utapata uongo uleule, ila wenye tarakimu nyingi zaidi.

Fanya hivi. Simamisha geji ya saa (kipimo chenye sindano) juu ya meza ya mashine, ncha yake iguse uso wa chini wa kwili yenyewe, si endimili, yaani kisu. Shuka kidogo kwanza ili plei yote (kule kucheza kwa sehemu zilizolegea) iishe, ndipo uweke sifuri kwenye geji na kwenye kisomeo. Shuka milimita moja moja, ukiandika namba zote mbili. Ukifika 10, pitiliza kidogo, kisha rudi juu ukisimama palepale ulipokuwa unasimama.

Hitilafu ikikua kadiri unavyoshuka, skeli imelala, haiendi sambamba na kwili. Lakini hiyo kwako siitilii shaka: hata ikilala nyuzi 3, kwenye milimita 6 haifiki hata mikroni 10. Namba za kushuka zikitofautiana na za kupanda kwa kiasi kilekile, kuna kitu kinapinda au kinacheza kati ya kwili na kisomeo. Zikirukaruka bila mpangilio, tafuta uchafu, betri au umeme.

Halafu bila kugusa mpini, sukuma braketi juu kwa kidole gumba. Tazama kisomeo, tazama na geji.

Betri_Ndogo
Naongeza hapo kwenye umeme. Visomeo hivi vingi husoma kwa kapasitansi na havipendi unyevu kabisa. Jaribu pia kuweka sifuri mota ikiwa imezimwa, kisha iwashe bila kugusa kitu kingine. Namba ikihama, ni kelele ya umeme ya mota, hasa kama ni ya brashi. Hakikisha waya wa ethi umeshika vizuri kwenye kichwa cha mashine. Na kama unatumia betri ya LR44, badili uweke SR44. Ya kwanza hupungua nguvu taratibu, ya pili hubaki karibu volti 1.55 mpaka iwe inakaribia kufa.

Mchonga_Alumini
Nimepima jioni hii. Mota haina shida, namba haikuhama. Kushuka, geji na kisomeo vinaenda pamoja. Kupanda, kisomeo kikisema 10.00 geji inasema 9.91, na tofauti hiyo ya 0.09 ni ileile kila kituo. Nilipobonyeza braketi kwa gumba, kisomeo kilihama hiyo 0.09 na sindano ya geji haikutikisika.

Kuna jingine ambalo sikulitarajia. Nikikaza kufuli la kwili, sindano inashuka 0.04 na kisomeo kinabaki vilevile.

Fundi_Geji
Basi mifuko yako yote miwili imejieleza. Huwa unaweka sifuri kufuli likiwa limelegea, kisha unakaza na kuchonga: hiyo ndiyo 0.04. Ule wa kwanza bila shaka uliugusa uso wa kazi ukiwa unapanda, ndipo ukashuka kuchonga, ongeza 0.09 ya braketi, unapata 6.13.

Kioo_Safi
Natumia skeli za kioo kwenye meza, X na Y, na sizibadilishi kwa chochote. Kwa kina sikushauri. Mwili wake ni mnene, unahitaji kusimikwa kwa uangalifu, na midomo yake ya mpira lazima iangalie upande usiorushiwa chenga. Zaidi ya hayo, hakuna skeli inayoona kitu kinachotokea mbali nayo. Ikiwa imekaa milimita 60 kutoka katikati ya spindo, na kwili ikainama sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, ncha ya endimili inahama kama milimita 0.1. Isogeze karibu na spindo uwezavyo, iwe ya kioo au ya plastiki.

Mchonga_Alumini
Nimerudi na matokeo. Braketi ya zamani ilikuwa bati lililokunjwa, linashikwa na bolti moja. Nimechonga nyingine kwa alumini ya milimita 12, bolti mbili, na nimekisogeza kisomeo karibu na kwili kadiri nafasi ilivyoruhusu. Nimefuta na ule mkono wa kisomeo, ulikuwa umejaa mafuta yaliyoganda. Sasa tofauti ya kupanda na kushuka ni 0.01, mara chache 0.02. Nimechonga mifuko minne ya milimita 6: 6.01, 6.00, 6.02, 6.01.

Tepu ya sumaku nitaifunga, ila kwenye meza. Tepu_Nyeusi, nitakuuliza maswali wakati huo.

Fundi_Geji
Safi sana. Hiyo mifuko minne, sifuri uliiweka kufuli likiwa limekazwa?

Mchonga_Alumini
Ndiyo, nimelikaza nusu kabla ya kugusa kazi na kuliacha hivyohivyo mpaka mwisho. Mpini wa kushusha taratibu bado unazunguka, mzito kidogo tu.