Kazi imesimama kwa ajili ya madoa kwenye udongo, wanaakiolojia wanatafuta nini hasa?

mpima_njia

Wakuu habari zenu. Mimi niko upande wa vipimo kwenye mradi wa barabara na kuna kipande cha njia tumeambiwa tusikiguse mpaka wanaakiolojia wamalize. Nimekuwa nawaangalia na kiukweli sielewi vizuri ndo maana nauliza kwa wanaojua. Kwanza walikuja na ekskaveta wakakwangua udongo wa juu eneo zima, halafu wakapiga magoti na mwiko mdogo wanasafisha taratibu sana, sasa kama kitu ni cha kuharibika kirahisi hivyo mbona mmeanza na mashine? Pili nilitegemea kuona kuta, sanamu, vyungu vizima, lakini wanachopiga picha na kuchora siku nzima ni madoa, yani kiduara cheusi kwenye udongo wa njano, kimoja hapa kingine pale. Wanasema waliishi watu hapo maelfu ya miaka kabla ya maandishi. Sipingi, historia naipenda na sitaki tuwe sisi tuliofuta kitu cha thamani bila kujua. Ila doa la udongo linaweza kukwambia nini jamani? Na kwanini wasipige picha, tukafunika kwa kifusi, barabara ikapita juu?

mwiko_na_brashi

Mkuu umeuliza swali ambalo natamani kila mtu wa saiti angeliuliza. Hii ndo kazi yangu, mimi ni mwanaakiolojia, nachimba kabla miradi ya ujenzi haijaanza.

Hayo madoa mengi ni mashimo ya nguzo. Watu wa zamani sehemu kubwa ya dunia hawakujenga kwa mawe, walijenga kwa miti, nyasi na udongo. Unachimba shimo, unasimamisha nguzo, unashindilia. Nguzo ikioza au ikiungua ile nafasi yake inajaa udongo mwingine wenye mboji na makaa, na ardhi ikishachimbwa mara moja hairudi tena kama ilivyokuwa, hata ipite miaka 5,000 rangi na ugumu wake vitakuwa tofauti na udongo wa pembeni. Doa moja peke yake halisemi kitu. Chora eneo zima halafu angalia tena, utaona mstari, utaona kona, utaona nyumba na mlango wake ulielekea wapi, ua wa mifugo, shimo la kuhifadhia nafaka.

Mfano ninaoupenda ni wakulima wa kwanza wa Ulaya ya kati, miaka kama 7,000 iliyopita. Walikuwa na nyumba ndefu za mbao, nyingine zinafika mita 30, na hakuna ukuta hata mmoja uliobaki umesimama, tunazijua kwa madoa tu. Magharibi ya Köln kule Ujerumani kuna eneo linaitwa Aldenhovener Platte, kuanzia miaka ya 1970 wanaakiolojia walifanya kazi mbele ya machimbo makubwa ya makaa ya mawe, mashine inakula ardhi nyuma yao na wao wanachora mbele yake. Leo sehemu kubwa ya ardhi waliyoichunguza haipo, imechimbwa ikaisha, kilichobaki ni michoro na sampuli. Na michoro ina faida nyingine watu hawaifikirii. Kijiji cha Köln-Lindenthal kilichimbwa miaka ya 1930, wachimbaji wakadhani watu waliishi kwenye yale mashimo makubwa ya udongo na zile nyumba ndefu zilikuwa ghala. Wenzao waliokuja baadaye wakapitia michoro ile ile wakaona ni kinyume chake, nyumba ni zile za nguzo. Wangechora vile tu walivyodhani ni muhimu ukweli usingepatikana kamwe.

Kuhusu mashine: udongo wa juu umeshavurugwa na majembe na plau kwa muda mrefu, vitu vilivyomo vimetoka mahali pake. Ndo maana unatolewa kwa ekskaveta, lakini angalia ndoo yake haina meno, na kuna mtu amesimama mbele yake macho yote chini, udongo unatolewa kwa tabaka jembamba jembamba, rangi ikianza kubadilika tu anamsimamisha opereta. Opereta mzuri kwenye hii kazi ni mtu wa thamani sana. Baada ya hapo ndo mwiko. Shimo linakatwa nusu kwanza ili uone ubavu wake, nguzo ilikuwa nene kiasi gani, ilioza mle mle au iling'olewa. Kila tabaka linapewa namba na linaandikwa lipi lilikuja kabla ya lipi, kuna mchoro maalum wa kupanga huo mfuatano uliobuniwa na Edward Harris mwaka 1973, mpaka leo tunautumia.

Na elewa kitu kimoja, sisi wenyewe tukichimba tunaharibu. Shimo likishatolewa udongo wake limekwisha, hakuna wa kulichimba mara ya pili. Kwa hiyo kumbukumbu ndo kila kitu, ndo maana unaona tunachora kuliko tunavyochimba.

mbegu_kavu

Naongezea kidogo, mimi nafanya kazi na mabaki ya mimea. Mkuu ule udongo mweusi wa ndani ya doa usiudharau, unawekwa kwenye mifuko unaenda kuoshwa kwenye tangi la maji, makaa na mbegu zilizoungua vinaelea juu vinakamatwa kwa chujio laini. Mbegu ikiungua kidogo haiozi, inakaa maelfu ya miaka. Humo ndo tunapata walikula nini, walilima au walikusanya porini, na mbegu moja inatosha kupima umri kwa radiokaboni, yani kaboni yenye mionzi inayopungua kadri miaka inavyopita.

Kuna sehemu Syria inaitwa Abu Hureyra, kando ya mto Frati. Bwawa la Tabqa lilikuwa linajengwa, kwa hiyo timu ya Andrew Moore ilikuwa na misimu miwili tu, 1972 na 1973, baada ya hapo maji yakafunika kila kitu, sasa hivi pako chini ya ziwa. Kwa haraka ile ile waliosha udongo kwa wingi, na kutokana na zile mbegu ndogo tunajua kijiji kilianza miaka kama 13,000 iliyopita na watu waliowinda na kukusanya mimea ya porini, na baadaye mahali hapo hapo wakaishi wakulima. Hapo ni miongoni mwa sehemu chache sana duniani unapoweza kuona mabadiliko hayo mahali pamoja. Mifupa nayo ilichunguzwa na Theya Molleson, akakuta hasa kwa wanawake magoti, mgongo wa chini na vidole gumba vya miguu vimeharibika, akaeleza ni kwa kupiga magoti masaa mengi kila siku kusaga nafaka kwenye jiwe. Mimi hilo huwa linanigusa sana, hao wanawake hakuna aliyewaandika popote, tumewajua kwa sababu tu kuna watu walichimba kabla ya maji kufika.

zege_na_ratiba

Nasimamia miradi na naheshimu sana walichosema hapo juu ila niongee upande wa ratiba. Kinachoumiza mradi mara nyingi si akiolojia, ni akiolojia kuitwa mwisho. Mkandarasi ameshaleta mitambo, vibarua wako saiti, ndo kuna mtu anakumbuka kwamba hapa kulikuwa na makazi ya kale. Hapo kila siku ni hasara na kila mtu anamchukia mwenye mwiko bila kosa lake.

Inatakiwa ianze wakati njia bado iko kwenye karatasi. Unaanza na nyaraka na ramani za zamani, picha za angani maana mimea juu ya handaki la kale inaota tofauti, halafu magnetomita inatembezwa juu ya ardhi inaonyesha sehemu palipowahi kuwashwa moto au kuchimbwa, mwisho mitaro michache ya majaribio kuhakikisha. Ukishajua hivyo unaweza kusogeza njia, na kusogeza mstari kwenye mchoro ni rahisi kuliko kuchimba kijiji kizima.

Hata nchi zenye sheria nzuri zilijifunza kwa tabu. London mwaka 1989 mabaki ya ukumbi wa kale wa maigizo wa Rose yalikutwa wakati jengo la ofisi limeshapata kibali, ikawa vurugu kubwa, na mwaka 1990 Uingereza ikatoa mwongozo kwamba uchunguzi ufanyike kabla ya kibali cha ujenzi. Mwaka 1992 nchi za Ulaya zikasaini mkataba wa Valletta, ndani yake kuna suala la mradi wenyewe kubeba gharama za kazi ya akiolojia inayosababishwa na huo mradi. Na miradi inayopata fedha za IFC, lile shirika la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ina kiwango cha utendaji namba 8 kinachohusu urithi wa utamaduni, kwa hiyo hii si hisani, ni sharti.

hoja_tu

Samahanini mimi nina mashaka, naomba nisieleweke vibaya. Timu inayochimba inalipwa na huyo huyo anayetaka kupita haraka, sasa nani anahakikisha kazi haikurukwa? Na vigae vya vyungu vinavyotoka vinaenda kwenye maboksi stoo, ripoti inafungiwa kabatini, wananchi wa eneo lile hawajui hata kilichopatikana. Halafu kuna hili la kibali. Juukan Gorge kule Australia, korongo lenye mapango ya kale, kibali cha kulipua kwa ajili ya mgodi kilitoka 2013, mwaka 2014 wanaakiolojia wakaingia kwenye yale mapango wakakuta kwamba watu waliyatumia kwa miaka 46,000, wakapata mpaka nywele za binadamu zilizosukwa za miaka 4,000 ambazo DNA yake inaendana na ya wenyeji wa sasa, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Pamoja na yote hayo kampuni ya madini ya Rio Tinto ikalipua Mei 2020. Baadaye mkurugenzi mkuu aliondoka lakini mapango hayarudi. Kama matokeo ya uchimbaji hayawezi kubadilisha kibali basi uchimbaji unakuwa wa kuaga tu.

mwiko_na_brashi

hoja_tu uko sahihi kabisa na sitabishana. Ndo maana mamlaka ya mambo ya kale lazima iwe na mkaguzi wake anayekuja saiti na mwenye nguvu ya kusema hapa bado, na wenyeji lazima wawepo tangu mwanzo, si kuitwa siku ya kuonyeshwa picha. Kibali kinapaswa kubaki wazi mpaka matokeo yasomwe.

Lakini ipo mifano ya matokeo kubadilisha mradi. Sannai Maruyama, mkoa wa Aomori huko Japani, mwaka 1992 walianza kuchimba ili ujengwe uwanja wa besiboli. Kikatoka kijiji kikubwa cha watu wa Jomon, yani wenyeji wa Japani wa kabla ya maandishi, kilichodumu zaidi ya miaka 1,500, na humo kuna mashimo sita ya nguzo, kila moja upana kama mita 2, ndani yake mabaki ya nguzo za mti wa chestnut zenye kipenyo cha kama mita moja. Mpima_njia hii itakufurahisha, umbali kati ya shimo na shimo ni mita 4.2 kila upande. Watu wasio na maandishi wala chuma walipima hivyo! Mwaka 1994 serikali ya mkoa ikasimamisha ujenzi wa uwanja, na 2021 eneo hilo likaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na mengine ya Jomon.

Kuhusu kufunika, jibu ni ndiyo, saa zingine ndo njia bora kuliko kuchimba. Unatandika kitambaa maalum cha ujenzi, mchanga safi, halafu tuta juu yake. Ila roller ikipita inakandamiza, mashimo yanapondeka. Mtaro wa kutoa maji nao unaua kimya kimya, kwa sababu mbao za kale zinadumu pale zilipolowa bila hewa, ukikausha ardhi zinaoza ndani ya muda mfupi na hakuna anayeona. Must Farm kule Uingereza mashariki, nyumba zilizojengwa juu ya maji karibu miaka 3,000 iliyopita, zikaungua zikiwa hazijamaliza hata mwaka, zikadondoka kwenye tope na kila kitu ndani, mpaka bakuli lenye uji. Nguzo zake zilionekana 1999 kwenye ukingo wa machimbo ya udongo wa matofali. Wataalamu wakahofia zitaharibika zikiachwa pale, pakachimbwa 2015 na 2016 na ripoti kubwa ikachapishwa 2024. Kwa hiyo kufunika unaamua baada ya kujua maji yanakwenda wapi na uzito utakuwa kiasi gani, siyo kwa sababu kifusi kipo karibu.

mpima_njia

Asanteni sana wote, leo nimeelewa kitu. Sasa wakiondoka, sisi tukiendelea na kazi halafu greda ikatoa kitu kingine mbele huko tunafanyaje? Na kuna namna mtu wa vipimo anaweza kusaidia?

zege_na_ratiba

Mashine inasimama pale pale, mnazungushia utepe, hakuna kuvuta wala kuosha kitu, piga picha ukiwa umeweka kipimo pembeni, ripoti kwa msimamizi na kwa mtu wa mambo ya kale. Ukiwa mfupa unaofanana na wa mtu, mamlaka za sheria zinaarifiwa kwanza, na heshima iwepo, hakuna kurusha picha kwenye magrupu. Hii ifundishwe kwa maopereta kabla hawajawasha mashine, siyo ibaki kwenye faili la ofisini.

mwiko_na_brashi

Unaweza kusaidia sana mkuu. Kawaulize wanatumia benchimaki gani (pointi ya kuanzia ambayo mwinuko wake unajulikana), uwape pointi zako za uhakika na mwinuko wake ili michoro yao ikae kwenye mfumo mmoja na wa barabara. Wakishaondoka yale madoa yatakuwepo kwenye namba za vipimo (koordineti) tu, na mara nyingi nimeona timu ndogo inahangaika na vipimo vyao wenyewe wakati mpimaji wa mradi yuko hatua chache na vifaa bora zaidi. Waombe pia wakuonyeshe mchoro wa eneo zima kabla halijafukiwa.

mpima_njia

Nitafanya hivyo, kesho asubuhi naenda na orodha ya pointi.