Kulala kwenye hema na mtoto wa miezi mitano hapa Goma: naomba ushauri

Mama Bebe
Jambo wapendwa. Bwana wangu anataka twende kulala kwenye hema, sisi wawili na mtoto. Mtoto ana miezi mitano, bado ananyonya. Hema tumeshanunua, ni ya turubai nzito, haipitishi maji. Nauliza: usiku nimvalishe nini asishikwe na baridi, na mbabula (jiko la makaa) niiweke ndani au mlangoni? Tafadhali mujibu haraka, tunaenda Jumamosi.

Kijana wa Birere
Mbabula ndani ya hema? Dada, ukiona asubuhi yake utuambie.

Muganga wa Kadutu
Mbabula ibaki nje kabisa, hata makala yakiwa yameisha moshi. Gesi yake haina harufu, na turubai isiyopitisha maji haipitishi hewa pia. Mtoto mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, kuliko blanketi moja zito linaloweza kumfunika uso. Chandarua ni lazima. Ukigusa shingo yake kwa nyuma na ina jasho, punguza nguo. Sasa na mimi nakuuliza: hema mutaisimamisha wapi? Mimi niko Bukavu, lakini nimefanya kazi Goma.

Yaya wa Lushi
Musimtishe dada yetu. Huku Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma kuliko ya kwenu. Sisi tulimpeleka mtoto wetu Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanaanguka zaidi ya mita 300, ukisimama pale unasahau hata njaa. Njia ni mbaya sana, gari lilikwama, tukalala porini. Bibi yangu alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, akalala vizuri kutupita sisi wote. Ubebe kitenge cha pili kwa sababu cha kwanza kitakojolewa.

Dada wa Imani
Mimi nimesoma huu uzi moyo ukaniuma. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka nilikimbia usiku, mtoto mgongoni. Siku chache baadaye, tarehe 27, gavana akatoa amri ya kuhama, tukaenda Sake kwa miguu. Tulilala kwenye baraza la duka, wanawake na watoto tumebanana, maji ya kunywa hakuna, na watu wanaogopa kipindupindu. Tangu siku ile nikiona hema mwili unanisisimka. Na hapa kwetu watu wangapi wameishi chini ya turubai kwa ajili ya vita? Mama, mtoto ana nyumba, kwa nini umtoe?

Mama Bebe
Dada, pole. Lakini hatuendi kwa raha. Ni parseli yetu, kiwanja cha kujenga, upande wa Keshero, kuelekea ziwa. Bwana ameshaleta mbao na manjanja (mabati) ya kujengea, na pasipo mtu wa kulala pale vitabebwa. Tena munajua wenyewe, parseli isiyo na mtu hapa Goma inaweza kuuzwa mara mbili. Garanti yetu, ile pesa tuliyoweka kwa mwenye nyumba, imekwisha, tumeshamuambia tunatoka. Tutakaa kwenye hema mpaka nyumba ya mbao isimame. Na hema si aibu, kule kisiwa cha Tchegera watalii walikuwa wanalipa pesa ili walale ndani yake.

Papa wa Ndosho
Bwana amefikiri vizuri. Mali yako uilalie mwenyewe. Mke amfuate mumewe, basi.

Muganga wa Kadutu
Papa, ngoja. Mama Bebe, hiyo parseli iko juu au chini?

Mama Bebe
Chini kidogo. Ni kama shimo, lakini pana, majani ni mengi. Ndiyo sababu tuliipata kwa bei nzuri.

Mwalimu wa Keshero
Mama, usiende. Mimi naishi huku. Mashimo ya namna hiyo ndiyo yenye mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka chini kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini. Mchana upepo na jua vinaitawanya, usiku hewa ikitulia inajaa, na alfajiri ndipo inakuwa mbaya zaidi. Mtu aliyesimama anaweza kupita asisikie kitu. Aliyelala chini ndiye haamki. Mtoto wako atalala chini kuliko wote. Umewahi kuona ndege au mijusi imekufa pale?

Mama Bebe
Nilijua mutasema mazuku. Bwana alishuka na mshumaa jioni, haukuzimika. Majirani wanapita pale kila siku. Kuna mbuzi wa jirani alikutwa amekufa asubuhi, lakini walisema ni nyoka.

Mchunguzi
Hii hadithi mimi siiamini. Tulianza na nguo za mtoto. Halafu ikawa parseli, halafu shimo, sasa mbuzi. Kwanza "kwenda kulala", sasa ni kuhama kabisa. Mtu gani anaona mbuzi amekufa halafu anakuja kuuliza habari za blanketi? Subirini, kesho itakuja namba ya kutumiwa pesa.

Kijana wa Birere
Hata mimi nilianza kushuku. Hema ya turubai nzito ni bei ya manjanja mengi.

Mama Bebe
Sijaomba mtu hata franka moja. Ya mbuzi sikuisema kwa sababu bwana alinikataza kuisema hata kwa mama yake mzazi. Pesa zote ziko kwenye ile parseli. Niliuliza nguo za mtoto kwa sababu hilo peke yake ndilo ninaloweza kuamua mimi.

Muganga wa Kadutu
Mchunguzi, muache mama. Na ule mshumaa, mama, haukulindi. Unazimika gesi ikishakuwa nyingi sana, mtu anaweza kuzimia ukingali unawaka. Tena alipima jioni, wala si alfajiri. Waende kuuliza OVG, wale wa volkano, wanayajua mazuku na wana vipimo.

Mama Bebe
Bwana amesoma yote, niko naye hapa. Anauliza: mimi na mtoto tukienda kwa dada yangu kule Himbi, yeye akalala peke yake juu ya rundo la mbao, si chini?

Mwalimu wa Keshero
Hapana, hata yeye. Kimo cha ile gesi kinabadilika kila usiku, na akishuka kukojoa je? Mbao zitoke kwenye shimo leo jua likiwa bado juu. Chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinatosha kuanza. Uwa wangu una ukuta na lango linafungwa, zitakaa hapo bure. Shefu wa avenyu (mkuu wa mtaa) aandike kwenye karatasi kwamba parseli ni yenu na vitu viko kwangu. Papa Bebe, niandikie faraghani, nije na vijana wawili.