Naomba ushauri: nilinganishe vipi wanafunzi wa Afrika wanaosoma nje?

Ndugu wapendwa, niko Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), ninaandika kazi ya kumaliza chuo kikuu kuhusu wanafunzi wa nchi za Afrika wanaosomea nje. Nikihesabu vichwa tu, Nigeria inaiacha Lesotho mbali sana, jambo lisiloshangaza kwa taifa la watu zaidi ya milioni 200 mbele ya lile la takriban milioni 2. Ila nikigawanya kwa idadi ya wanafunzi wote wa kila nchi, mpangilio unageuka. Nishike kipimo kipi? Tena, UNESCO huhesabu aliyevuka mpaka kwa ajili ya masomo: mwenzetu anayevuka mto Ruzizi ulio mpakani asubuhi kusoma Rwanda, kisha jioni akarudi kulala kwao, nimweke wapi? Msimamizi wangu anataka jibu kabla sijaanza sura ya pili.